Mafuta ya Kokutona

Mwezi uliopita nilikwenda Muleba kwenye msiba, maana siku hizi misiba ndiyo safari zangu. Aliyefariki alikuwa muuguzi mwenzangu wa zamani. Nilikaa chini ya turubai pamoja na wazee wengine, sahani ya ndizi na maharage mapajani, na kushoto kwangu alikuwa mzee mmoja mwembamba aliyekula taratibu kama mtu asiyeyaamini tena meno yake. Akapita binti akigawa maji, mjukuu wa marehemu, aliyekuja kutoka Dar es Salaam usiku uliotangulia. Alipoinama kumpa yule mzee chupa yake, kijiko cha mzee kilisimama kabla ya kufika mdomoni. "Mjukuu wangu," akasema, "hiyo unayonukia ni nini?" Binti aliona haya, akadhani amemkera. Akajibu kwamba ni manukato tu, aliletewa na rafiki yake kutoka nje, yanatengenezwa kwa mikono, chupa chache chache, yana harufu ya moshi na udongo. Alipoona mzee bado anamtazama, akaifuata chupa yenyewe kwenye mkoba wake, akamnyunyizia nyuma ya kiganja. Mzee alinusa kwa muda, macho kayafumba. Kisha akanigeukia mimi badala ya yule binti. "Adventina," aliniita, "inakaribia. Ila hii haina ng'ombe." Hapo ndipo nilipomtambua. Alikuwa Deusdedit, kijana aliyekuwa amuoe binti wa shangazi yangu, na hatukuwa tumeonana tangu sote wawili tukiwa na nywele nyeusi.

Hatukuzungumza zaidi. Alinisogezea mkono wake nikanusa, nikakubali kwa kichwa, kisha tukarudi kwenye sahani zetu kwa sababu marehemu alikuwa wa wenyewe na si vizuri kuleta msiba mwingine ndani ya msiba. Lakini nilirudi nyumbani kwangu Kibeta na kile kitu puani, na tangu siku ile mwaka mzima umenirudia, mwaka wa operesheni, wakati watu walipoambiwa wahame wakaishi pamoja vijijini. Naandika ili mwaka ule upumzike.

Sitaeleza kwa nini nilikwenda kuishi kwa shangazi Justa. Kila ukoo una sababu zake na hazimfai msomaji. Inatosha kwamba nilikuwa nimemaliza shule, nangoja kuitwa kwenye mafunzo ya uuguzi, na nikapelekwa kwake baada ya Krismasi, mbele ya Kagoma, mahali ambapo vilima vyenye migomba vinakwisha na rweya inaanza, yaani zile nyika za majani mafupi ambako watu wetu hukata nyasi na kuchunga, wala hawaishi. Kibanja chake, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, kilikuwa cha mwisho kabisa kwenye mteremko ule. Nyumba ilikuwa msonge wa zamani, nyasi kutoka kileleni mpaka chini, na ndani mlikuwa na giza ambalo macho yalilizoea polepole: kwanza unaona moto, halafu nguzo zilizong'aa kwa masizi, halafu nyuso. Sakafu ilitandikwa majani mabichi ambayo yalibadilishwa kila yalipokauka, kwa hiyo kila jambo lililotendeka mle, kula, kusali, kugombana, lilitendeka juu ya harufu ya majani yaliyokatwa. Jioni tulikula ndizi zilizopikwa na maharage au na samaki wadogo wakavu kutoka ziwani, tukizunguka jani moja kubwa la mgomba lililowekwa katikati, mvuke ukitupanda usoni. Shangazi alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya chini. Sikuwahi kumwona akikimbia. Wanawake wa vilima vyote vya karibu walimjua, kwa sababu ndiye aliyetengeneza mafuta ya mabibi harusi.

Yalianza kama siagi. Alikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu aliyemkamua mwenyewe. Maziwa aliyasukasuka kwenye kibuyu, siagi akaiosha kwa maji ya chemchemi mpaka maji yalipotoka safi. Kisha aliipaka ndani ya chungu kidogo na kukipindua juu ya makaa yaliyofunikwa kwa vipande vya mti mmoja wa bondeni aliouita tu mti wa moshi, mizizi ya nyasi za kinamasi iliyokaushwa darini, na kipande cha lubugo, kitambaa cha gome la mti, kikuukuu kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka nani alikivaa. Moshi uliingia kwenye siagi pole pole. Aliigeuza, akaipaka tena, akaifukiza tena, siku baada ya siku, na ukimkuta katika kazi ile hakujibu salamu mpaka amalize. Mwisho alikijaza chungu, akakiziba kwa jani la mgomba na udongo uliokandwa, akakifukia chini ya shina la migomba ambako majivu ya jikoni yalimwagwa, kikae humo mvua ikinyesha juu yake.

Nilipoinusa mara ya kwanza sikuipenda. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa nimeona sabuni na poda katika maduka ya Wahindi mjini Bukoba, na kwangu mimi mwanamke mwenye kunukia alipaswa kunukia kama vitu vile. "Shangazi," nilimwambia, "mbona yananuka kama jiko?"

"Wewe ulitaka bibi harusi anukie nini?"

"Maua."

"Maua ni ya kila mtu," alisema. "Anayeolewa anakwenda kuwasha moto wa watu wengine. Kwanza anukie moto wa kwao." Kisha akanipaka kidogo nyuma ya sikio na kuniambia nisiseme neno mpaka jioni.

Asubuhi ile ilikuwa moshi mtupu, mkali, kama vile nimelala kwenye majivu. Nilikwenda kuteka maji, jua likanipata shingoni, na njiani moshi ule ukafunguka. Chini yake mlikuwa na udongo, si udongo wa vumbi bali ule mweusi wa kibanja baada ya mvua, wenye majani ya migomba yanayooza, wa baridi, wenye uchungu kidogo. Nikadhani ndiyo yameishia hapo. Jioni, nilipovua kitambaa kichwani, nikasikia kitu cha tatu ambacho sikukitegemea: maziwa, na nyuma ya maziwa pumzi ya ndama. Nilikaa nimeshika kitambaa usoni mpaka Kokutona akaanza kunicheka. "Amenaswa," akamwambia mama yake. Shangazi alieleza kwamba mafuta yale hayana harufu moja kwa sababu yanangoja joto la mtu. Kwa mmoja udongo unatangulia, kwa mwingine maziwa hayafiki kabisa. "Kama hayabadiliki mwilini," alisema, "si bora ukapake mlango?"

Kokutona ndiye binti yake wa pekee. Alikuwa amenizidi miaka michache, mnene kwa namna iliyosifiwa wakati ule, na mcheshi kupita kiasi kwa mtu aliyetakiwa kuwa mwali. Ndoa yake na Deusdedit ilipangwa iwe mwishoni mwa mwaka, na tangu masika alianza kutawa: hakwenda shambani, hakupigwa na jua, alikaa nyuma ya kizuizi cha matete akilishwa ndizi na maziwa. Deusdedit alikuja kila baada ya Misa na samaki wa ziwani waliofungwa kwa majani. Aliwaweka mlangoni, akapiga magoti kumwamkia shangazi, "Shikamoo, Ma Justa, waitu," waitu likiwa neno letu la heshima na upole, kisha akazungumza kwa sauti kubwa juu ya bei ya kahawa ili Kokutona aisikie sauti yake kule ndani. Kokutona alinikanyaga mguu kila alipokosea neno. "Sikiliza," alininong'oneza siku moja, "mchumba wangu anamposa mama yangu kwa kahawa." Mwezi wa nne shangazi alitengeneza mafuta ya binti yake. Sijawahi kumwona akikifukiza chungu kwa muda mrefu namna ile. Alikifukia mwenyewe, mvua ikimnyeshea mgongoni, akakataa nimshikie jembe.

Habari ya kuhama niliisikia kupitia yale matete, kama tulivyosikia habari zote. Jirani yetu Ma Georgia alikuja jioni moja, wakakaa na shangazi kando ya moto wakitafuna punje kavu za kahawa, kama ilivyo desturi yetu.

"Wanasema sisi wa huku pembeni tunashushwa rweya," Ma Georgia alisema. "Tukae kwenye mistari, kando ya barabara."

"Rweya? Nani amewahi kuishi rweya?"

"Kutakuwa na shule. Zahanati. Maji ya bomba."

"Hayo maji yapo?"

"Yatakuja."

Nilisikia shangazi akichokora moto. Kisha akauliza, "Na makaburi?"

"Makaburi hawakuyataja," alisema Ma Georgia.

Baba yake Kokutona alizikwa pale kwenye kibanja, karibu na mlango, kama tunavyozikana sisi, na pembeni yake mama mkwe wa shangazi, na watoto wawili waliokufa wadogo. Lazima niseme jambo hapa, kwa sababu najua vijana watasoma wakadhani nasimulia ubaya mtupu. Mimi sikuwa adui wa ujamaa. Nilisoma bure kwa ajili yake, na baadaye nilifanya kazi maisha yangu yote katika zahanati ambazo zisingejengwa kama watu wangebaki kila mmoja juu ya kilima chake. Wale waliotuhubiria mikutanoni walikuwa wakweli, wengi wao. Lakini kati ya hotuba na lori palikuwa na watu wengine, wenye haraka, waliotaka kuripoti kwamba kazi imekwisha, na sisi tuliangukia mikononi mwa hao.

Lori lilikuja kiangazi, asubuhi, siku tuliyokuwa tumeambiwa bado iko mbali. Mgambo waliingia kibanjani na kututaka tutoe vitu. Tulitoa vyungu, mikeka, sanduku la shangazi, sanamu ya Bikira Maria. Walipomaliza kupakia, vijana wawili walipanda juu ya msonge na kuanza kung'oa nyasi ili tusipate pa kurudi, na vumbi la masizi ya miaka yote ile likashuka juu ya majani ya sakafuni. Kokutona alitolewa nje amefunikwa shuka kichwani, akipepesa macho kwa jua. Shangazi alimwendea kamanda wa mgambo, kijana wa huku huku kwetu, akamwomba muda kidogo.

"Nina kitu changu ardhini," alimwambia.

"Kila mtu ana kitu chake ardhini, mama," alijibu, wala hakusema kwa ukali. "Panda. Bado nyumba nyingi." Tulipanda. Ng'ombe mwekundu alifungwa kamba nyuma ya lori pamoja na wa wengine, akaburutwa kwa mwendo wa lori mpaka akajifunza kukimbia.

Mahali penyewe palikuwa vigingi vilivyopigwa kwenye majani. Tulionyeshwa kigingi chetu, tukajenga kibanda cha nyasi ambacho shangazi aliingia kwa kuinama mpaka kiunoni. Hapakuwa na mgomba hata mmoja. Tuligawiwa unga wa mahindi ya njano ambao ulinuka gunia, na shangazi, ambaye maishani mwake aliona kwamba asiyekula ndizi hajala, aliusonga ugali kwa kuangalia wenzake, ukatoka na mabonge, tukaula bila kutazamana. Maji yalikuwa bwawa moja ambako ng'ombe walituwahi kila asubuhi. Tuliambiwa tuyachemshe, lakini kuni za rweya ni nini? Majani yanayowaka na kwisha kabla sufuria haijapata moto. Hata hivyo shangazi alishikilia kwamba Kokutona ni mwali na atatawa humo humo. Alining'iniza mkeka katikati ya kibanda. "Mwali gani mimi," Kokutona alisema nyuma ya mkeka, "kila ng'ombe anayepita ananiona miguu." Alimuiga kamanda, alimuiga bwana aliyetuhutubia juu ya bomba, mpaka watoto wa jirani wakajazana nje kusikiliza. Naikumbuka sauti ile ya kicheko cha watoto vizuri kwa sababu ndio watoto walioanza kufa. Mvua za kwanza zilisomba kila kilichokuwa juu ya majani mpaka bwawani, na baada ya wiki chache kulikuwa na kuhara damu katika mistari yote.

Kokutona aliugua akiwa bado anatania. Kisha akaacha kutania. Tulimpeleka Muleba akibebwa kwenye machela na Deusdedit na kaka zake. Tukapanga foleni, tukapewa vidonge, tukaambiwa anywe maji mengi, tukamrudisha kwenye maji yale yale. Ndani ya kibanda hakukuwa na kona ya kujificha. Mimi na shangazi tulimsafisha, tukabadilisha majani aliyolalia, tukayatoa nje na kuleta mengine, na bado harufu ilibaki. Deusdedit alipokuja Jumapili na samaki wake, Kokutona alinishika mkono. "Asiingie," alisema. "Mwambie nimelala." Kisha akamgeukia mama yake, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza tangu tuhamishwe. "Mama, nanuka."

"Hunuki."

"Nanuka, mama. Hata mimi mwenyewe nasikia."

Shangazi alimpangusa paji la uso. Halafu akasema, "Nitakuletea mafuta yako."

Kurudi kwenye vibanja vya zamani kulikatazwa. Tuliondoka asubuhi iliyofuata na panga na kamba, kama watu wanaokwenda kukata nyasi za kuezekea, tukamwachia Ma Georgia mgonjwa. Kokutona alikuwa ametulia, amekunywa uji kidogo, na sote tuliamini ana nafuu. Sasa, baada ya miaka mingi wodini, najua utulivu ule ulikuwa nini. Wakati ule sikujua, na shangazi pia hakujua.

Kibanja tulikikuta kimejaa majani makavu ambayo hakuna aliyeyapogoa. Mikungu miwili ilikuwa imeivia mtini na kuliwa na ndege. Msonge ulisimama bila nyasi, mbavu tupu, na ndani kwenye sakafu ambako tulikuwa tukila palikuwa pameota magugu. Shangazi alipita bila kuutazama. Alisimama kidogo kwenye makaburi, akang'oa gugu moja, kisha akaenda moja kwa moja kwenye shina la migomba na kuanza kuchimba kwa ncha ya panga. Alipokitoa chungu alikifuta kwa kanga yake, akapasua udongo wa mdomoni, akayanusa mafuta. Mgongo wake ulinyooka. Tangu siku ya lori sikuwa nimemwona akisimama wima namna ile. "Yameiva," alisema. "Njoo unuse. Hata sikuwahi kuyapata hivi." Nikanusa, na ilikuwa kweli: moshi ulikuwa umekaa mbali, laini, na udongo ulikuwa umeingia ndani kabisa, kama kwamba kilima chote kimewekwa mle. Alicheka kidogo. Aliniambia atampaka kwanza miguuni, maana Kokutona ana mtekenyo, atacheka tu apende asipende.

Mvua ilitukamata njiani. Tulijikinga chini ya jabali, shangazi amekikumbatia chungu kifuani kama mtoto, na ilipopungua tukateremka. Ma Georgia alikuwa ameketi nje ya kibanda chetu, kwenye tope, kanga kichwani. Shangazi alimwona kutoka mbali akaanza kutembea polepole zaidi. Ma Georgia alisema tu, "Alikuwa akiuliza mmefika wapi."

Shangazi aliweka chungu chini. "Nilifuata mafuta," alisema. Alirudia, kwa sauti ile ile ya kawaida, kama anayemweleza mtu njia: "Nilifuata mafuta."

Asubuhi iliyofuata tulimwosha, kisha shangazi akampaka, mwili mzima, kama wanavyopakwa mabibi harusi, kuanzia miguuni. Aliyayeyusha mafuta viganjani mwake kwanza. Nilimsaidia mikono. Nikangoja, bila kujua nangoja nini, halafu nikaelewa: harufu haikubadilika. Ilikuwa moshi, na ikabaki moshi. Hakukuwa na joto la kuufungua. Shangazi naye aliliona hilo, kwa sababu alirudia mikono ile mara nyingi, akiisugua, akiisugua, mpaka Ma Georgia akamshika bega na kumwambia, "Waitu, Justa, inatosha."

Kijijini walikuwa wametenga mahali pa kuzikia, ng'ambo ya bwawa. Shangazi alisema mwanawe hazikwi rweya. Katekista alimsihi, mwenyekiti wa kijiji alimsihi, wakamwambia tutaletewa matatizo. Hakubishana nao. Alimtazama Deusdedit, na Deusdedit na kaka zake wakainama, wakaibeba machela. Jua lilikuwa limetoka, lile jua kali la baada ya mvua. Tulipanda kwa njia ya kilimani, shangazi mbele, mimi nyuma ya machela, na tulipokaribia migomba ya kwanza jua lilikuwa limempiga Kokutona muda mrefu kupitia shuka. Hapo mafuta yakafunguka. Yalikuja yote pamoja, udongo, kisha maziwa, mazito mno mpaka Deusdedit aliyekuwa ameshika upande wa kichwa akayumba, na kaka yake akamwambia asimame imara. Ndipo kamanda wa mgambo akatokea kwenye njia na vijana wake.

Aliinua mkono. "Huku kumefungwa," alisema. "Mnajua." Alisogea kuishika machela, labda airudishe, labda ahakikishe kuna nini, na mkono wake ukasimama. Niliona pua yake. Shangazi alimkaribia mpaka wakawa uso kwa uso.

"Mkeo nilimpaka mimi," alimwambia. "Mwaka juzi, kwa mkono huu. Harufu hii unaijua, ulilala nayo. Sasa niambie wewe, huyu nimpeleke wapi?"

Kijana alitazama chini. Vijana wake walimtazama yeye. Kwa kitambo alikuwa mtu mwenye umri wake tu, asiyejua aweke wapi mikono. "Mzikeni," alisema mwishowe. "Lakini jioni niwaone wote kwenye mstari wa kuhesabiwa. Wote. Asibaki mtu huku." Akapisha. Hakuvua kofia wala hakutufuata. Tulimzika Kokutona kando ya baba yake, katekista akasali haraka akiangalia nyuma, na jioni tulikuwa kwenye mstari, udongo ukiwa bado kwenye kucha zetu, tukaitwa majina, shangazi akaitika lake.

Baada ya hapo hakusema mengi. Aliusonga ugali vizuri sasa, bila mabonge. Senene, wale panzi wetu wa kuliwa, walipokuja mwezi wa kumi na moja, anga ikajaa, watoto waliobaki walikimbia huku na huko na mifuko wakipiga kelele za furaha, na shangazi aliwakaanga wa kwetu, akaniwekea wote. Deusdedit aliendelea kuleta samaki kila Jumapili mpaka siku shangazi alipomwambia kwa upole kwamba sasa aache, atafute mke. Aliondoka akilia waziwazi barabarani, mwanaume mzima, na hakuna aliyemcheka. Kisha kabla ya Krismasi alikuja mama mmoja kutoka Kagoma na binti yake anayeolewa, kuomba mafuta. Niliogopa shangazi atawafukuza. Aliwakaribisha, akamtazama binti yule kwa muda, akamuuliza kama analala vizuri, kama anakula. Akakubali. Ng'ombe mwekundu alikuwa bado na maziwa kidogo, na kwa majuma tulipumua moshi katika kibanda kile kifupi mpaka macho yakatuvimba. Siku ya kukiziba chungu nilichukua jembe nikauliza nichimbe upande gani.

"Usichimbe," alisema. "Sifukii tena kitu ninachotaka kukiona."

Alimpa yule mama chungu siku ile ile, kikiwa na moshi tu. Mama alinusa, akataka kusema jambo, akatazama uso wa shangazi, akashukuru. Na hivyo ndivyo alivyotengeneza mafuta maisha yake yote yaliyobaki, hata baada ya watu kuruhusiwa, au tuseme kuachwa tu, warudi kwenye vibanja vyao, naye akarudi akaishi karibu na makaburi yake mpaka uzeeni. Wanawake wa umri wangu wanajua tofauti. Wale walioolewa kabla ya mwaka ule walinukia udongo. Waliokuja baadaye hawakunukia, na wengi wao hawajui kwamba kuna kitu walikosa.

Niliitwa kwenye mafunzo mwaka ulipoanza. Shangazi alinisindikiza mpaka Muleba kupanda basi la Bukoba, tukitembea na sanduku langu kichwani kwake kwa sababu alikataa nilibebe. Stendi kulikuwa na watu wengi na mikungu ya ndizi na kuku waliofungwa miguu, na kondakta alikuwa akigonga ubavu wa basi kwa kiganja, akituharakisha. Shangazi alinitengenezea kola. Alinikabidhi ndizi zilizochemshwa zikiwa bado za moto ndani ya jani, akaniambia nisile zote kabla ya kufika, nisilale dirisha likiwa wazi, nisali. Nilipanda, nikapata kiti, nikatoa kichwa nje. Basi lilianza kusogea naye akatembea kando yake, mkono juu ya bati, na kwa mara ya kwanza nilimwona shangazi yangu akikimbia.

"Kokutona!" aliniita. "Ufike salama, Kokutona!"

Wanawake wa stendi walimgeukia. Yeye hakuwa amelisikia jina alilolitaja. Alikuwa akinitazama mimi, akingoja jibu, na basi lilikuwa linaongeza mwendo.

"Ndiyo, mama," nikaitikia.